Vidonge Viwili Kabla ya Usingizi

Mgonjwa akiambiwa kwamba jiwe la nyongo limeshuka na kuziba mrija, na kwamba litatolewa kwa mpira unaopitishwa mdomoni, swali lake la kwanza huwa lilelile: nitapasuliwa? Akisikia kwamba hakuna kisu, uso wake hukunjuka. Ndugu waliomsindikiza nao hushusha pumzi. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha endoskopi jijini Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sikumbuki mgonjwa aliyeniuliza, kwa hiari yake, kuhusu kongosho. Wanauliza bei. Wanauliza kama bima italipa, kama watasikia maumivu, na watakula saa ngapi. Kongosho hawalijui, au wanalijua kwa habari za kisukari tu. Sisi tunaosimama kando ya kile kitanda ndilo tunaloliogopa kuliko kiungo kingine chochote.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa kwenye mfuko wake, kisha husafiri kwa mrija mwembamba hadi mwanzo wa utumbo mdogo. Kongosho nalo lina mrija wake, unaobeba maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula. Kwa watu wengi mirija hiyo miwili hukutana mwishoni na kumwaga kwenye kitundu kimoja kidogo chenye umbo la chuchu, mfano wa nyumba mbili za jirani zinazotumia mfereji mmoja wa maji machafu. Mfereji ukiziba, nyumba zote mbili zinafurika. Na fundi akija kuzibua upande wa jirani, anaweza kukuharibia upande wako.

Kazi yenyewe madaktari huiita ERCP. Mpira wenye kamera hupita mdomoni, kooni na tumboni hadi penye kitundu hicho. Daktari huingiza waya mwembamba akiongozwa na picha ya eksirei, hukata kidogo msuli unaobana mlango, kisha hulivuta jiwe kwa kikapu cha nyaya au kwa puto dogo. Mmarekani William McCune na wenzake walitangaza mwaka 1968 kwamba wameweza kukiingia kitundu hicho kwa mpira. Mwaka 1974 Wajapani wa Kyoto na Wajerumani wa Erlangen, kila kundi kivyake, wakaanza kuukata ule msuli kwa njia hiyohiyo. Kabla ya hapo jiwe la kwenye mrija lilimaanisha kupasuliwa tumbo na kulala wodini siku nyingi. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba kazi hii ina hatari, mtu asinielewe kwamba naikataa. Nimeona wazee walioingia na macho ya njano kama manjano ya mchuzi wakitoka na kuishi miaka mingine. Nimeona vijana wenye selimundu, ambao damu yao inayovunjika kila siku huwatengenezea mawe wangali wadogo, wakirudi shuleni.

Shida ni kwamba ule waya hauchagui mrija. Unaweza kulengwa kwenye nyongo ukaingia kwenye kongosho. Dawa ya kuonyesha picha inaweza kusukumwa upande usio wake. Hata kuhangaika tu mlangoni huvimbisha nyama ya pale, na maji ya kongosho yakakosa pa kutokea. Vile vimeng'enya vilivyopaswa kuamkia utumboni huamkia ndani ya kongosho lenyewe na kuanza kulisaga. Huko ndiko kuvimba kwa kongosho baada ya ERCP. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba huwapata karibu mtu mmoja katika kila kumi, na zaidi ya hapo kwa walio katika hatari kubwa. Wengi hupona kwa siku chache za dripu na dawa za maumivu. Wachache huugua vibaya, na wapo wanaokufa.

Namkumbuka dada mmoja aliyekuwa amejifungua miezi michache kabla. Ujauzito huongeza uwezekano wa kupata mawe ya nyongo, kwa hiyo wanawake wa namna yake tunawaona mara kwa mara. Aliingia akitembea, amejifunga kanga, anauliza kama atawahi kurudi kunyonyesha. Waya ulikwenda upande wa kongosho zaidi ya mara moja kabla ya kupata njia, jambo linalomkuta hata daktari mwenye mkono mzuri kabisa. Jiwe likatoka. Tukafurahi. Jioni, nilipopita kumjulia hali, alikuwa amejikunja kwa ubavu, magoti kifuani.

"Dada, tumbo hili si la jana," akaniambia. "Hili linatokea mgongoni."

Kipimo cha amilesi, kimeng'enya cha kongosho kinachovuja kwenye damu, kilikuwa kimepanda kupita kiasi. Kabla hapajakucha alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alikaa huko wiki kadhaa, maji yakijaa tumboni na kifuani, mtoto akilelewa na bibi yake kwa maziwa ya kopo. Alipona. Lakini sijasahau mama yake mzazi akinishika mkono kwenye ukumbi: "Mwanangu aliingia kwa miguu yake. Mmemfanya nini?" Daktari alimweleza kwa upole, na kila alichosema kilikuwa kweli. Kwamba hii ni hatari inayojulikana. Kwamba ilikuwemo kwenye fomu aliyosaini.

Wakati ule hospitali ile haikuwa na utaratibu wowote wa kumpa mgonjwa dawa ya kulikinga kongosho. Uchungu wangu ni kwamba dawa ilikuwepo, katika jengo lilelile, ghorofa chache juu yetu.

Tuliijua siku daktari wetu mmoja aliporudi kutoka mafunzoni India. Alivaa aproni ya risasi, akasimama kichwani pa mgonjwa, akauliza kama mtu anayeuliza jambo la kawaida: "Mmeshamwekea diklofenaki?" Tukatazamana. Diklofenaki tuliijua sote. Ndiyo wanayomeza watu wenye maumivu ya mgongo na magoti. Ya kuwekwa njia ya haja kubwa ilikuwa imejaa wodi ya wazazi, kwa sababu akina mama waliojifungua kwa upasuaji hupewa hiyo kutuliza maumivu. Mwenzetu mmoja alipanda ngazi akarudi nayo mkononi. Ndivyo ilivyoanza kwetu.

Nilitaka kujua ilitoka wapi, nikaanza kusoma. Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow, Scotland, walichapisha utafiti wa wagonjwa 220. Nusu walipewa miligramu 100 za diklofenaki kwa njia ya haja kubwa mara tu baada ya kazi, nusu wakapewa kitu kisicho na dawa. Waliovimba kongosho walikuwa asilimia 6.4 upande wa dawa, na asilimia 15.5 upande wa pili. Utafiti mdogo, na dunia haikuushughulikia sana. Mwaka 2012 ukaja wa Marekani, ulioongozwa na Joseph Elmunzer, wa wagonjwa 602 wengi wao wakiwa katika hatari kubwa. Hao walipewa indomethasini, ndugu yake diklofenaki, vidonge viwili vya miligramu 50 kila kimoja, kwa njia ileile. Asilimia 9.2 walivimba kongosho, dhidi ya 16.9 ya wasiopewa. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya kufika idadi iliyokusudiwa. Mwaka 2016 Wachina nao wakachukua wagonjwa 2,600 katika hospitali sita, wakauliza swali lililotuhusu zaidi sisi wauguzi: tumpe kila mtu kabla ya kuanza, au tusubiri tuone nani ameingia kwenye hatari ndipo tumpe baadaye? Waliompa kila mtu kabla walipata asilimia 4. Waliosubiri walipata 8.

Naomba msomaji atulie kwenye tarakimu hizo mbili za mwisho. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni wakati wa kuiweka na nani wa kuwekewa. Uvimbe wa kongosho huanza kwa mnyororo wa kemikali, na dawa hizi huukata mnyororo huo karibu na pete zake za kwanza. Ukichelewa, unakimbiza moto ambao umeshashika paa. Ndiyo maana mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa endoskopi unaelekeza miligramu 100 za diklofenaki au indomethasini kwa kila mgonjwa asiye na kizuizi, muda mfupi kabla ya kuanza. Njia nayo ni muhimu. Diklofenaki ya kumezwa au ya kudungwa kwenye msuli imejaribiwa, na haikuonyesha kinga hiyo.

Hapo ndipo tulipokutana na jambo ambalo hakuna utafiti wa Glasgow wala wa China uliotuandaa kwa ajili yake. Aibu.

Mzee mmoja wa heshima zake, imamu mstaafu, nilimkuta amelala tayari na shuka lake. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza dawa. Akanyamaza, kisha akageuza uso ukutani. "Hiyo hapana. Nipigeni sindano." Nikajaribu kumweleza kwamba sindano haifanyi kazi hiyo. Akasema, bila hasira, kwamba amefika umri ule bila mtu yeyote kumtazama huko, sembuse binti wa rika la wanawe. Sikumwona kuwa mjinga, na sitamsamehe mhudumu yeyote anayemcheka mtu wa namna hiyo. Kwetu sisi watu wa pwani stara ni sehemu ya utu wa mtu. Mgonjwa aliyevuliwa stara hupona tumbo akabaki na jeraha jingine.

Suluhisho alilitoa yeye mwenyewe. "Kwani mimi sina mikono?" Tulimpa glavu, jeli ya kulainisha na vidonge viwili, tukavuta pazia, nami nikasimama upande wa pili nikimwelekeza kwa maneno: alale kwa ubavu wa kushoto, avute goti, asukume taratibu hadi apite msuli, kisha abane kwa muda. Baada ya siku ile tuliufanya kuwa utaratibu. Mgonjwa anaambiwa tangu siku ya kupangiwa tarehe kwamba kuna dawa ya njia hii, kwa nini iko hivyo, na kwamba anaweza kujiwekea mwenyewe au kuwekewa na muuguzi wa jinsia yake. Wanaokataa wakiwa wameelezwa hivyo ni wachache mno. Wengi waliokuwa wakikataa zamani walikuwa wakikataa kushtukizwa.

Wauguzi nao wana aibu yao, ingawa haisemwi. Nimeona fomu ambayo mahali pa dawa hii pameachwa wazi kwa sababu muuguzi kijana alishindwa kumwambia mkwe wa mtu ageuke. Ndiyo maana napendekeza swali la kama dawa hii imewekwa lisomwe kwa sauti mbele ya timu nzima, pamoja na jina la mgonjwa na mzio wake, kabla ya daktari wa usingizi kusukuma dawa yake. Likisomwa kwa sauti, mtu mmoja hawezi kulikwepa.

Kuna na joto. Vidonge hivi vimetengenezwa viyeyuke kwa joto la mwili, na Dar es Salaam ya mwezi wa pili haiko mbali na joto la mwili. Dawa ikikosekana hospitalini, ndugu hutumwa kuinunua nje. Huileta mfukoni, ndani ya daladala, katikati ya foleni ya mchana, na inapofika imekuwa uji ndani ya karatasi yake. Nimepokea dawa za namna hiyo mara nyingi, nikaona mke wa mgonjwa akitaka kulia kwa hela aliyopoteza. Si dawa ya bei kubwa, lakini hela ni hela. Anayetumwa abebe chombo chenye barafu au chupa ya maji baridi iliyofungwa kwenye taulo, na dawa ikifika iwekwe kwenye jokofu hadi saa yake. Kwa wanaosimamia stoo za hospitali sina maneno mengi: chumba kinachonunua mipira ya mamilioni ya shilingi hakina udhuru wa kukosa dawa hii.

Si kila mtu anafaa kupewa. Mwenye mzio wa aspirini au wa dawa za kundi hili hapewi. Mwenye figo zilizodhoofika hapewi, na hapa Tanzania tuna watu wengi wenye shinikizo la damu na kisukari ambao hawajawahi kupimwa figo, kwa hiyo kipimo hicho kifanyike kabla. Mjamzito wa miezi ya mwisho hapewi, kwa usalama wa moyo wa mtoto. Mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja damu hapewi. Hili la mwisho linahitaji mazungumzo, kwani karibu kila mtu mzima atakwambia ana vidonda vya tumbo, na ukimdodosa unakuta ni kiungulia cha miaka mingi ambacho hakijawahi kuthibitishwa kwa kipimo. Daktari ndiye wa kupima uzito wa jambo hilo kwa dozi moja tu. Mgonjwa aseme ukweli wote, na asijiamulie mwenyewe.

Wagonjwa wetu wanaamini dripu kuliko dawa nyingine yoyote. Ukimtundikia mtu chupa, anaona ametibiwa. Katika jambo hili hawajakosea kabisa: maji mengi ya dripu aina ya Ringer yamependekezwa kuwa kinga, hasa kwa mtu asiyeweza kupewa diklofenaki, ilimradi moyo na figo zake vinahimili maji hayo. Ila Waholanzi walichapisha mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 800 ambao wote walikuwa wamepewa dawa ya njia ya haja kubwa, na kuwaongezea maji mengi hakukuleta faida ya ziada. Kwa hiyo dripu isitumike kufidia aibu.

Kwa wale walio katika hatari kubwa zaidi kuna kinga nyingine, kijirija chembamba cha plastiki ambacho daktari hukiacha ndani ya mrija wa kongosho ili maji yaendelee kutoka wakati uvimbe unapungua. Palikuwa na matumaini kwamba dawa peke yake ingetosha na kijirija kiachwe. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka mwaka 2024, wa wagonjwa 1,950 walio katika hatari kubwa, ulionyesha kuvimba kongosho kwa asilimia 14.9 ya waliopewa indomethasini peke yake na 11.3 ya waliopewa vyote viwili. Tazama pia kwamba hata hao 11.3 bado ni watu. Dawa hupunguza hatari, haiifuti. Atakayekuahidi kwamba haiwezi kukupata anakudanganya.

Na kinga kubwa kuliko zote ni kutofanyiwa ERCP isiyo na sababu. Hili watu hushangaa wakilisikia kutoka kwa mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Anayevimba kongosho zaidi si yule babu wa manjano mwenye mrija uliotanuka. Ni mwanamke kijana, hana manjano, mrija wake mwembamba, analalamika maumivu tu na hakuna aliyeliona jiwe. Mtu kama huyo apigwe altrasaundi, na ikibaki shaka apigwe picha ya MRI ya mirija ya nyongo, ambayo haimwingizii waya wala mpira. ERCP ni ya kutibu. Siku hizi si chombo cha kuchungulia tu ili kuona kuna nini.

Baada ya kazi, mengi yako mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake. Maumivu ya kongosho kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku ya kwanza: makali, juu ya kitovu, yanapenya mgongoni, pamoja na kutapika. Gesi inayobaki tumboni baada ya mpira huuma pia, lakini hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Ya kongosho huongezeka. Anayeishi Mkuranga au Bagamoyo asikubali haraka ya kurudi nyumbani jioni ileile kama ana dalili hizo, wala, zikimkuta nyumbani, asipewe dawa ya maumivu na uji akaambiwa alale. Arudishwe hospitali usiku huohuo, na jamaa waseme mlangoni kwamba ametolewa jiwe la nyongo kwa mpira, ili kipimo cha amilesi au lipesi kifanyike bila kupoteza muda.

Kwa hiyo wewe unayesubiri tarehe yako, au unayemsindikiza mzazi wako, muulize daktari mapema, bila kuona haya: je, nitawekewa diklofenaki au indomethasini kabla hamjaanza? Akikujibu kwamba hapana kwa sababu figo zako hazifai, hilo ni jibu la daktari aliyekufikiria, na muulize kinga gani nyingine amekuandalia. Akikujibu kwamba dawa haipo, mtume mtu aitafute kabla ya siku yenyewe na aihifadhi mahali pa baridi. Ukisikia kwamba si lazima, omba uelezwe kwa nini, na usisaini fomu mpaka umeelezwa ukaelewa.